Mia tano yangu imeliwa Kilimani, tena kwa kufundishwa uongo kuhusu bawa la nyuma

Wadau, mnivumilie leo, nimekasirika. Jana nilitoka Umoja hadi Kilimani, matatu mbili na mvua juu, nikalipa kiingilio cha shilingi 500 kwenye ukumbi fulani unaoonyesha langalanga (Formula 1). Walikuwa wametangaza kwamba kabla ya mbio kutakuwa na mchambuzi wa kufafanua mambo ya mabawa, yale yanayoligandamiza gari barabarani. Nikasema hapo ndipo pangu.

Jamaa akashika maiki. Eti ile ef-dakti (F-duct, mfereji wa hewa wa kupunguza ukinzani wa bawa la nyuma) ya timu ya McLaren ya 2010 ilikuwa "DRS ya kizamani, dereva anabonyeza kitufe, bawa linafunguka." (DRS ni ule mfumo uliokuja baadaye wa kufungua bawa la nyuma ili gari lipate kasi.) Kitufe! Halafu eti bawa kustoli (yaani hewa kubanduka kwenye bawa) ni kama gari kuzimika kwenye jam. Watu wakapiga makofi. Nilipoinua mkono, MC akaniambia, "Boss, keti, wenzako wamekuja kuburudika."

Kwani mimi nilikuja kuosha vyombo?

Sikizeni. Mwaka huo sheria hazikuruhusu bawa la nyuma lisogee hata kidogo. McLaren wakacheza na hewa yenyewe. Inaingia kwa tundu mbele ya gari na kupita kwenye mfereji. Dereva akiziba kijitundu pale alipoketi, kwa mwili wake mwenyewe, hewa inabadili njia, inapitia lile pezi la juu ya injini na kutokea kwenye ufa mwembamba wa bawa la nyuma. Hapo mkondo uliokuwa umelikumbatia bawa unabanduka. Hakuna kilichofunguka. Ferrari walipoiga, madereva wao waliziba kwa mkono wa kushoto, yaani mwendo wa kasi kabisa na mkono mmoja tu kwa usukani. DRS ililetwa 2011, ef-dakti ikiwa imeshapigwa marufuku, na namna ilivyofanya kazi ni tofauti: kile kipande cha juu cha bawa kililazwa, hewa ipite kwenye pengo.

Kijana mmoja alipombana, mchambuzi akajitetea kwamba ndege ikistoli ukinzani wa hewa unaongezeka, kwa hivyo gari haliwezi kupata kasi. Hii ndiyo iliniuma zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Toa mkono dirishani ukiwa Thika Road (usitoe, konda atakutukana) na uuinamishe mbele. Upepo unausukuma chini, lakini pia unauvuta nyuma. Hiyo ndiyo bei. Bawa la langalanga ni fupi na limeinamishwa sana, hewa inasokotana kwenye ncha zake, na ukinzani wake mwingi unatokana na kazi ya kugandamiza gari barabarani. Likistoli, mgandamizo unapungua na bei yake inashuka nao. Hewa iliyobanduka inaongeza ukinzani kiasi, sikatai, lakini kilichookolewa ni kikubwa zaidi. Ndege inahitaji bawa limshike abiria juu. Gari kwenye sehemu iliyonyooka halina haja na mgandamizo wote ule. Kona ikifika, dereva anaachilia tundu, hewa inarudi kulikumbatia bawa.

Dakika mbili tu ningemaliza kueleza hayo.

Nimewaandikia nirudishiwe pesa. Wamenijibu kwa emoji ya bendera ya miraba ya mwisho wa mbio, na sasa wanadai jamaa hakutaja kitufe. Nani alikuwa pale jana, zile meza za karibu na jikoni? Natafuta shahidi.