Mlioahidi kwenye harambee mkaingia mitini, hamna haki ya kuwasema vijana waliokwenda Zanzibar

Wadau wa Lamu, mlioko mjini na mlioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni, salaam aleikum.

Nimenyamaza tangu vijana wetu wa kusafisha ufuo warudi kutoka Zanzibar, likizo ya Disemba, nikidhani maneno kwamba wamekula pesa za harambee yatakwisha yenyewe. Hayakwisha. Jana nimetumiwa tena ile video inayoonyesha msichana wetu akicheka kule Zanzibar, safari hii na mtu aliyeko Jeddah, ananiuliza, "Kweli mchango wetu ndio mlioutumia hivi?" Nikalitafuta jina lake kwenye daftari. Halimo. Hakutoa hata shilingi.

Mimi ndiye niliyeshika daftari la kikundi, na ni mmoja wa watu wazima waliofuatana na vijana. Kila aliyetoa nimemwandika, na namba ya muamala wa M-Pesa iko pembeni ya jina lake. Kila aliyeahidi nimemwandika pia, kwenye kurasa za nyuma. Wanaopiga kelele kwamba vijana "walikwenda kustarehe", nimewatafuta mmoja mmoja. Ama hawamo kabisa, ama wako kurasa za nyuma.

Hawa vijana mnawajua. Ndio wale wanaookota plastiki ufukweni kuanzia gatini mpaka Wiyoni wakati wengine bado wamelala. Walikuwa wadogo mwaka 2019 Flipflopi ilipotweka tanga kwenda Zanzibar, lile dau lililoundwa na mafundi wetu hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa vipande vya ndara kuukuu. Wakakua na fikra hiyo kichwani, kwamba siku moja na wao watakwenda kuonana na wenzao wa kule wanaofanya kazi kama hii. Ikawa wanachanga. Wasichana wakapika mabuyu na kuyafunga vipakiti vya shilingi kumi. Ramadhani wakauza kaimati na viazi karai kabla ya magharibi, na wao wenyewe wamefunga, wamesimama mbele ya mafuta yanayochemka. Wavulana wakapakua mchanga na mawe kwenye majahazi, ujira wakauleta. Kuna mmoja baba yake ni mvuvi, alikuwa akiniletea sarafu ndani ya kitambaa kinachonuka samaki. Nilizihesabu mbele yake, nikaandika, akatia sahihi.

Pesa za mabuyu na kaimati ndizo zilizowafikisha Zanzibar. Hili nalisema waziwazi kwa sababu mji mzima unazungumza kana kwamba walipelekwa na ile harambee.

Harambee yenyewe ilikuwa Juni 2024, siku chache baada ya Idi ya Kuchinja. Waheshimiwa walikuja, wafanyabiashara walikuja, kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono. Huyu elfu hamsini. Yule laki moja. Mwengine akasema nauli ya boti ya vijana wote ni juu yake, tukampigia vigelegele, akapigwa picha katikati ya watoto. Mwezi uliofuata rais akawapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, na kila mheshimiwa niliyempigia simu akanisomea tangazo hilo hilo. Haya, agizo ni agizo, sikugombana na mtu. Lakini mwenye duka la jumla si afisa wa serikali. Mwenye nyumba za wageni kule Shela si afisa wa serikali. Hao wakaniambia kesho, kisha mwisho wa mwezi, kisha wageni wakishaingia, kisha simu ikawa haipokelewi tena. Na nikipita njiani wananiamkia vizuri kabisa, na kwenye baraza za jioni ndio wa kwanza kuuliza, "Lakini hesabu ya safari ile mmeiona?"

Sasa mnasema gharama zilikuwa kubwa mno. Nani kati yenu aliwahi kumtafutia kijana wa Lamu karatasi za kusafiria? Uganda na Rwanda Mkenya anaingia kwa kitambulisho tu, makubaliano hayo yalianza 2014. Tanzania haimo. Huko utake pasipoti au hati ya muda. Pasipoti ya kurasa 34 ilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 4,500 hadi 7,500, piga hesabu ya vipakiti vya mabuyu hapo. Tukaamua wengi wao waende kwa hati ya muda. Na waliotimiza miaka kumi na minane lazima kwanza wawe na kitambulisho, na kitambulisho kwetu mnajua kilivyokuwa kikipatikana.

Msichana mmoja kamaliza kidato cha nne juzi tu. Kazaliwa Langoni, mamake kazaliwa Langoni. Aliketishwa mbele ya kamati ya msasa, ile ya kuhakiki uraia kabla ya kupewa kitambulisho, akaulizwa babu yake amezikwa wapi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa mkononi, kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuachana, na kila swali likija alikuwa akikilaza mezani na kukinyosha kwa kiganja. Akajibu. Akaambiwa arudi na mzee wa mtaa. Akarudi naye. Februari 2025 rais alitangaza kwamba msasa huo umeondolewa, Mungu awajaalie wanaokuja nyuma, lakini hawa wetu walipita humo humo. Siku hizo sikumwona mjini mtu wa kuuliza habari zao.

Safari sitaieleza sana. Boti mpaka Mokowe, basi la alfajiri, Mombasa, Likoni, Lunga Lunga. Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka, wakakaguliwa kadi za chanjo ya homa ya manjano. Tanga, Dar es Salaam, boti tena. Wenyeji waliwagawana majumbani kwao, hatukulipa hoteli hata usiku mmoja.

Na wapo wanaotutetea, nawashukuru, lakini wanasema, "Jamani, hawakustarehe, walikwenda kazini." Msiwatetee hivyo. Kazi waliifanya, walisafisha pwani pamoja na wenzao, walipelekwa kuona mikoko. Lakini walistarehe pia. Nilikuwepo, niliwaona, na nilifurahi kuwaona. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, wetu ukaingia 2001, watoto hawa wamekua wakiwasikia waongoza watalii wakiwaeleza wageni habari hizo kila siku, na kabla ya safari hii hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona mji ule. Wageni kutoka Ulaya wameona yote miwili. Kuna kijana wetu anajifunza nakshi, alisimama mbele ya mlango mmoja wenye misumari ya shaba akiigusa mmoja mmoja, akimbishia fundi wa kule kwamba nakshi ya Lamu ni laini zaidi, mpaka mwenye nyumba akatoka, akawakaribisha ndani wanywe kahawa. Hiyo ni starehe. Haikugharimu mtu yeyote senti moja.

Jioni tukaenda Forodhani. Wakala urojo, wakala pweza, wakanywa juisi ya miwa. Vijana wa pale wana mchezo wao wa kukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, wanauita makachu. Wavulana wetu, ambao wamekua wakiruka gatini hapa kwetu, wakaona hawawezi kushindwa. Watu wakajaa kutazama. Wasichana wakawa wanawashangilia kwa jina, mmoja akacheka mpaka akashika ubavu, bakuli la urojo liko mkononi.

Hapo ndipo ilipopigwa ile video. Yule aliyeisambaza aliikata, akabakisha kicheko cha msichana, akaandika chini yake, "Hizi ndizo pesa za harambee." Msichana ana buibui lake na mtandio wake. Ameshika bakuli la urojo. Maneno aliyoandikiwa humo siwezi kuyarudia, na mengine yameandikwa na watu wanaoweza kumzaa. Mamake ananiambia siku hizi hatoki mpaka atumwe. Wale wavulana waliojirusha majini hawakuambiwa neno, wanasifiwa mpaka leo kwamba waliwashinda Waunguja.

Nchi hii kila mwaka tunasikia wakubwa wakienda ng'ambo kwa "ziara za mafunzo", kodi yetu ndiyo inayolipa tiketi na malazi yao. Sijamsikia mtu wa baraza hizi akiwauliza walicheka na nani huko. Mtoto wa kike kauza mabuyu, kaenda hapo Unguja, kacheka, mji umesimama.

Daftari liko wazi. Nakala iko kwa mwenyekiti na nyingine ninayo mimi, anayetaka kusoma aje, Alhamisi baada ya alasiri nipo. Mliotoa mchango, hata wa shilingi hamsini, mna haki ya kuniuliza lolote na nitawajibu. Mlioahidi, ahadi zenu bado zina kazi: mwenye basi alitukopesha nauli ya kurudi na bado anatudai, na vijana wamerudi kwenye mabuyu kumlipa.

Aliyeisambaza ile video aifute, kisha aende kwa mama wa yule msichana akamtake radhi. Nyumba anaijua. Na nikisikia tena mtu anasema "wamekula pesa zetu", nitazifungua zile kurasa za nyuma hapa hapa, jina kwa jina na ahadi kwa ahadi.