Mrejesho: vibao vya omo vimelala, sasa niko kwenye kamba

Wakuu, niliwauliza kwa nini vibao vya modeli yangu ya Bluenose, ile skuna (meli ya matanga) ya Kanada iliyoshushwa majini Lunenburg mwaka 1921, vinapandana kwenye omo (sehemu ya mbele ya meli) ilhali katikati vimekaa sawa. Asanteni, imekubali.

Kilichonifungua macho ni hoja ya mzee wa Mombasa: mzingo wa omo ni mfupi kuliko wa katikati, basi vibao vilevile havienei pale bila kila kimoja kupunguzwa upana. Nilizungusha ukanda wa karatasi kwenye kila taruma (ubavu wa meli), nikaugawa kwa idadi ya vibao, nikachonga kwa wembe na msasa. Kisha maji moto, na kupinda kwa pasi ya nywele ya dada yangu (bado anaitafuta). Nilibandika kimoja kushoto, kimoja kulia, na mkuku (uti wa chini wa meli) umebaki umenyooka.

Uzi wa kamba uliokuja na seti ya modeli ulikuwa na manyoya. Nimeuvuta juu ya nta ya nyuki, ukalainika. Kamba za kushikilia milingoti ni nyeusi, kwa kuwa za meli halisi zilipakwa lami. Za kuendeshea matanga nimeziacha kahawia. Ila ule ushauri mlionipa wa kukaza kila kamba kabisa papo hapo, hapana: ukivuta za nyuma, za mbele zinalegea. Nafunga fundo la kufunguka, gundi mwisho.

Kitambaa cha matanga ni kizito mno kwa modeli ndogo hivi, na naelekea kuyaacha, au niyaweke yakiwa yamekunjwa. Mwenye picha ya skuna iliyokunja matanga aitupie hapa.