Ripoti ya oili inasema KAWAIDA, giaboksi imekufa. Mnatupimia nini?

Wakuu, leo nayamwaga yote. Tumefungua giaboksi ya konveya baada ya kuanza kulia. Beringi ya shafti imemenyeka, magamba ya chuma yamelala chini ya kasha, mengine yameng'ang'ania sumaku ya nati ya kumwagia oili. Yanaonekana kwa macho, huhitaji hadubini. Siku hiyohiyo ripoti ya maabara inayotupimia oili ikaingia: KAWAIDA, ENDELEA KUTUMIA.

Spektromita, ile mashine ya maabara inayopima kiasi cha metali kwenye oili, haioni magamba yale! Inasoma vizuri chembe ndogondogo, zikivuka mikroni 5 hadi 10 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zinaanza kuipita. Beringi inayomenyeka kwa uchovu wa chuma inatoa vipande vikubwa kuliko hivyo. Ndiyo maana kuna kipimo cha PQ kinachokamata vyuma kwa sumaku, kuna ferografia, unaviangalia vipande umbo lake na kujua vimetoka wapi. Giaboksi yenye beringi na gia nzito unaipimiaje spektromita peke yake halafu unagonga muhuri wa kijani? Hakuna aliyetuambia kwamba kifurushi tunacholipia hakina PQ.

Na hata hiyo spektromita ilikuwa inapiga kelele. Nimezipanga ripoti za nyuma mezani: chuma kinapanda, kinapanda tena. Kwa vile hakijagusa kikomo chao, kila karatasi ni KAWAIDA. Nani anasoma oili kwa karatasi moja? Halafu saa za oili, yaani saa ambazo oili imefanya kazi tangu ibadilishwe, hazijaandikwa popote. Chuma ppm 60 (sehemu 60 kwa milioni) kwenye oili ya saa 200 huenda ni hatari, kwenye oili ya saa 2000 huenda ni uchakavu wa kawaida tu. Bila saa, ile namba haina maana, na maabara wanaipokea fomu ikiwa tupu bila hata kuuliza.

Wa kwetu nao siwaachi. Mtu anasubiri mashine ipoe kabisa, anafungua nati ya chini, anakinga oili ya kwanza kwenye chupa iliyokuwa na maji ya kunywa. Pale chini ndipo uchafu na maji vinapotuama! Sampuli inachukuliwa oili ikiwa ya moto, mashine inazunguka au imezimwa sasa hivi, kwenye vali ya sampuli kabla ya filta, baada ya kumwaga oili iliyolala kwenye vali, tena pale pale kila mara. Sisi leo huku, mwezi ujao kule. Silikoni, ile elementi ya mchanga na vumbi, ikipanda tunahangaika kutafuta vumbi linaingilia wapi, ikishuka tunaambiwa tumepona.

Kinachoniuma zaidi ni stoo. Chupa za sampuli zinakaa rafuni zikisubiri katoni ijae, eti kuokoa gharama ya usafiri. Sasa tunaagiza beringi, gia na sili kwa haraka, laini nzima imesimama, na mkubwa anauliza fundi alikuwa wapi. Fundi alikuwa anasubiri majibu, mkuu!

Wenye maabara mliomo humu, nijibuni: mkiona chuma kinapanda ripoti hadi ripoti, kwa nini hampigi simu? Na nyie mafundi wenzangu, kuna anayepimiwa PQ bila kuiomba?