Naomba ushauri: kumpeleka mama mkwe safari ya siku moja barabara ya ziwa, Mwanza hadi Lamadi

MkweWaPangani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, na mwangaluka kwa mtakaousoma asubuhi.

Naishi Nyegezi, huu mwaka wa nne, kazi ndiyo iliyonileta. Wiki ijayo anakuja mama mkwe kutoka Pangani. Ana miaka 67, amezaliwa na kuzeekea bahari ikiwa uani, na kwenye simu ameniomba jambo moja tu: anataka kuliona "hilo ziwa mnalosema halina ng'ambo".

Gari hatuna na mume wangu siku za wiki yuko Geita. Nimepata kampuni ndogo hapa mjini, wanachukua watu 6 tu kwenye Noah, juu yake dereva na mwongozaji. Ratiba waliyonitumia: kuokota abiria saa 12 asubuhi, Bujora (makumbusho ya Wasukuma) dakika 40, chai Magu, Lamadi kula samaki ufukweni, geti la Ndabaka kupiga picha, kurudi na kusimama kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, Mwanza saa 12 jioni. Shilingi 90,000 kwa kichwa, chakula cha mchana kimo, nusu ilipwe kabla.

Wasiwasi wangu: mama magoti yanamsumbua, na anatumia dawa ya presha ile ya kumpeleka chooni kila mara. Tena ni mama mkwe. Hawezi kuniambia mimi mkwewe "simamisha gari". Atabana na kuumia kimya kimya mpaka Lamadi.

Je, safari yenyewe ina maana au nikodi gari langu? Nawasilisha.

Ngosha_wa_Nassa

Mtu wa Pangani unampeleka kuona maji? Mpeleke akaone ng'ombe dada yangu, maji anayo kwao 😂

Ngoja wajuzi waje.

TembeaNami

Mimi ni mjuzi kidogo mkuu, kazi yangu ni kuongoza wageni, ingawa si kampuni hiyo unayoisema.

Tuanze na hesabu. Mwanza mpaka Lamadi ni kama kilomita 120 na ushee. Lami nzuri, lakini barabara inapita kwenye makazi mfululizo: Igoma, Kisesa, Nyanguge, Magu na senta nyingine njiani, na kwenye makazi mwisho ni 50 kwa saa. Dereva anayefuata sheria ataketi barabarani zaidi ya saa 4 kwenda na kurudi, hapo hajasimama popote. Ukiongeza kuokota watu 6 mitaani, ambako peke yake kunakula saa nzima, utaona kwa nini Bujora wameipa dakika 40. Wameipunja ili ratiba ionekane imejaa.

Jambo la pili, nisije nikakuuzia ndoto: hiyo "barabara ya ziwa" ina vipande virefu ambavyo ziwa hulioni kabisa. Utaona mashamba ya pamba na mpunga, miamba iliyopandiana kama imepangwa na mtu, ng'ombe wa Ngosha hapo juu. Ghuba ya Speke inachungulia na kupotea. Ziwa mtalikuta hasa mkifika Lamadi. Kwa hiyo kaeni upande wa KUSHOTO mkienda, maana ziwa liko huko, na msikubali kiti cha nyuma kabisa cha Noah. Mtu mwenye magoti akiingizwa kule, kila kituo atatolewa kama gunia.

Ndabaka nayo ielewe vizuri. Ni geti la Serengeti upande wa magharibi, mbele kidogo ya Lamadi. "Kupiga picha getini" ni kupiga picha bango. Kuingia hifadhini ni kiingilio kingine cha TANAPA, wenye hifadhi za taifa, kinalipwa kwa kontroo namba na si taslimu mkononi, na mama abebe kitambulisho cha NIDA ili atozwe bei ya Mtanzania. Kama hamwingii, mwambie mwongozaji muda huo auhamishie Bujora.

Na kabla hujatuma hiyo nusu, waulize haya: leseni ya utalii, ile tunayoita TALA, wanayo? Noah ina kibali cha LATRA cha kubeba abiria? Ikija na namba za njano, hilo ni gari la binafsi la mtu, siku ya ajali mtahangaika na bima. Wakipatikana watu 3 badala ya 6 safari ipo au inaahirishwa? Na ikiahirishwa, hela inarudi au "inahamishiwa tarehe nyingine"?

Kapuku_Halisi

180,000 kuangalia ziwa!!! Nenda stendi ya Nyamhongolo, panda basi la Musoma, shuka Lamadi, kula sato wenu, rudi. Chenji mnunulie mama kitenge.

MkweWaPangani

@Kapuku_Halisi basi linasimama mama akitaka choo?

Kapuku_Halisi

Hapo umenikamata.

Sista_Bugando_B

Dada, mimi ni muuguzi, niongeze mawili ya afya.

Dawa za presha za kumkojoza mtu ndizo wazee wengi huziruka siku ya safari, wakiogopa aibu. Tena wanajinyima na maji ya kunywa. Jua la Lamadi saa 8 mchana pamoja na hayo mawili, mzee anaanguka. Mwombe kabla hajasafiri aongee na daktari wake kama siku hiyo anaweza kusogeza saa ya kumeza. Asijipangie, na wewe usimpangie.

Pili, kichocho. Mtu wa pwani akiona maji anavua viatu, ndiyo desturi yake. Huku maji ya pembeni yaliyotulia, yenye majani na matete, ndiko wanakokaa konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vinapenya kwenye ngozi hata kama hujanywa tone. Mwambie mapema, kwa heshima, usimkatishe akiwa ameshakunja kanga. Hata yale maji ya kunawa kwenye mwalo aachane nayo, mbebe kidumu chenu cha maji safi.

BintiKayenze

Mimi nilishaenda safari ya hivi hivi mwaka jana, kampuni siitaji. Tuliambiwa saa 12, tukamsubiri jamaa mmoja hotelini mpaka saa 1 na dakika 20, anakuja na taulo begani anauliza kama kuna nafasi ya kuoga. Muda aliotupotezea ulikatwa wapi? Bujora! Tulipitishwa mbio kama tunafukuzwa.

Na Bujora ndipo penye safari. Nawaambia ukweli. Yule padri Mkanada, David Clement, alifika pale miaka ya 1950 akakusanya ngoma za watemi, viti, zana za wahunzi, akajenga na kanisa ambalo ukiingia unajua uko Usukumani. Kuna banda limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mwenyeji wa pale akianza kukueleza Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wacheza ngoma, walivyokuwa wakishindana kwa ngoma na dawa, dakika 40 zinaishia kwenye salamu. Mimi nilirudi mwenyewe Jumapili nyingine kwa daladala ya Kisesa na bodaboda, nikakaa nusu siku. Kama mama angekuja mwezi wa 6 ningesema msubiri Bulabo, zile ngoma za msimu wa Ekaristi.

Ila ni kilima na mawe. Mama abebe fimbo hata kama hapendi kuonekana nayo.

Ngosha_wa_Nassa

@BintiKayenze umesahau kusema Bagalu ndio walikuwa wanashinda.

BintiKayenze

Kwa babu yangu ni Bagika, tusianze.

Mzee_wa_Busisi

Binti, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuzitoa.

Mimi nina swali. Mama ametaka kuliona ziwa, Lamadi imeingiaje? Mpandishe gari kuelekea Usagara, mpeleke Kigongo apite juu ya daraja la JPM, la Magufuli. Kilomita 3 juu ya maji. Sisi tuliokaa kwenye foleni ya kivuko pale, na wagonjwa ndani ya gari, tukivuka sasa tunanyamaza wenyewe. Limefunguliwa Juni 2025 na bado nikipita nashusha kioo. Kwenda na kurudi ni nusu siku, magoti yamepumzika, na jioni anakula nyumbani. Siku ya pili mpeleke kisiwani Saanane asubuhi ziwa likiwa limelala. Boti kutoka Capri Point ni dakika chache tu, ni hifadhi ya taifa lakini ndogo, kilomita za mraba 2 na kidogo, ataona swala na pimbi bila kupanda gari. Siku mbili fupi ni bora kuliko moja ndefu kwa mtu wa umri wetu.

MkweWaPangani

Shikamoo mzee wangu, nisamehe. 🙏 Daraja sikuliwaza kabisa, na mume wangu analipita kila Ijumaa akirudi!

Lakini mama ameshawaambia majirani zake Pangani kwamba anakwenda "safari ya kuongozwa". Nikimpeleka na bajaji tutakuwa tumemvunjia. Na kusema kweli nataka apate mtu wa kumweleza mambo, maana mimi mwenyewe ni wa kuja.

TembeaNami

Basi usiikatae, ipunguze. Kampuni ndogo uzuri wake ni kwamba ratiba inazungumzika, basi la watu 30 haliwezi. Piga simu, usiandike meseji. Sema: mama ana miaka 67, tunataka Bujora saa moja na nusu, Ndabaka itoke, siti za kati upande wa kushoto, na vituo vya choo vitajwe kwa majina kabla hatujaondoka. Mwongozaji anayejua barabara atakutajia choo safi kiko wapi bila kufikiri. Akisema "tutaona hukohuko", huyo hajawahi kubeba mzee.

Mama_Watatu_Ilemela

Suala la aibu ya mkwe hamjalijibu, wanaume mnaongelea barabara tu. Dada sikiliza: siku hiyo mwenye kibofu kibovu ni WEWE. Kila baada ya dakika 40 wewe ndiye unayemwambia dereva "kaka samahani, mimi tena". Gari likisimama unamwambia mama "twende wote unisindikize, siogopi ila sipajui". Atashuka bila mtu kumuuliza. Mimi mama mkwe wangu nilimtoa hivyo Mwanza mpaka Bukoba kwa barabara, mpaka leo ananiombea nipone.

Sista_Bugando_B

Huu ndio ushauri wa kitaalamu kuliko wangu 😂

MkweWaPangani (mrejesho, baada ya siku 11)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi inbox kwa baadhi yenu.

Nilipiga simu. Mwenye kampuni alisitasita kuhusu Ndabaka kwa sababu kuna wageni wawili walishaambiwa, tukaelewana kwamba wao watapelekwa na dereva wakati sisi wengine tunakula. TALA alinitumia picha, namba za gari nyeupe. Tuliondoka saa 1 kasoro, si 12, nikanyamaza. Bujora tulipata saa moja na robo. Mama alikaa kwenye ngoma za watemi muda mrefu, akagonga moja kwa kucha, mwenyeji akatabasamu tu, kisha wakaanza kubishana kuhusu ngozi: huku wanawamba ya mnyama gani, kwao ya mnyama gani. Fimbo alikataa, akanishika mkono, nadhani ndicho alichokuwa anataka.

Kibofu changu kilifanya kazi mara 5. Baada ya ile ya Magu mama akaninong'oneza, "Mwanangu, hilo lako umemwonyesha daktari?" Mama_Watatu nakudai soda.

Ziwa kweli lilikuwa likichungulia na kupotea kama alivyosema TembeaNami, na abiria mmoja alilalamika waziwazi kwamba amelipia ziwa akaonyeshwa pamba. Lamadi ndipo mama alipolipata. Sato alimla akisema hana ladha ya chumvi, anamaliza, anaongeza. Kisha akaketi kivulini akitazama mitumbwi iliyovutwa mchangani, minandi imejipanga juu yake ikianika mbawa. Akakaa sana. Mwisho akamuuliza mwongozaji, "Mwanangu, hapa maji yanakupwa saa ngapi?"

Kijana akasema ziwa halina kupwa na kujaa, bibi. Mama hakuamini, akanitazama mimi. "Sasa wavuvi wenu wanapumzika lini?" Kijana akamweleza kwamba wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, basi siku hizo za mbalamwezi wanapandisha mitumbwi na kushona nyavu. Mama akacheka, akasema na kwao wa dagaa ni hivyo hivyo, mbalamwezi ni siku za kukaa nyumbani. Tangu hapo hadi Mwanza walikaa wakiongea wao wawili, mimi nililala.

Daraja mzee wangu wa Busisi tumelipanga Ijumaa, mume wangu atatufuata na gari la rafiki yake.

Mzee_wa_Busisi

Mkifika katikati mwambie dereva apunguze mwendo. Ashushe kioo cha mama.

Ngosha_wa_Nassa

Na ng'ombe je, hakuwaona?

MkweWaPangani

Aliwaona. Amesema wamekonda.