Mnaobuni magemu ya historia, Kushi siyo Misri iliyopakwa rangi nyingine!

Wakuu, salaam. Nimechukia, na uzi huu naufungua nikiwa na hasira zangu, mnivumilie.

Kuna timu inatengeneza modi (nyongeza inayoundwa na wachezaji wenyewe) ya gemu moja la mkakati, inaongeza dola za kale za Afrika ambazo gemu lenyewe halina. Sitaitaja jina. Nilijitolea upande wa Kushi, dola ya kale ya Nubia, kusini mwa Misri, Sudan ya leo, nikawakusanyia maelezo, picha za kuta za mahekalu, majina ya miji, silaha, miungu. Sasa wametoa toleo la majaribio. Karibu kila nilichowapa kimetupwa, na mahali pake wamechukua vitu vya Misri wakavibadilisha rangi.

Tuanze na kiongozi. Wamemchagua Amanirenas, na hapo sina ugomvi nao kabisa. Ndiye malkia wa Meroe, mji mkuu wa Kushi wakati huo, ambaye wanahistoria wengi wanamhusisha na vita dhidi ya Roma. Strabo, mwandishi Mgiriki wa zama hizo, anaandika kwamba malkia huyo alikuwa na chongo. Karibu mwaka 25 KK majeshi ya Kushi yaliingia Syene, yaani Aswan ya leo, yakapiga Elephantine na Philae, yakaondoka na mateka na sanamu za Augusto, Kaisari wa Roma. Jemadari Petronius wa Roma akajibu kwa kuubomoa mji wa Napata. Ila angalieni jinsi vita vilivyokwisha: wajumbe wa Kushi walisafiri mpaka kisiwa cha Samos kuonana na Augusto mwenyewe, na akawafutia kodi waliyokuwa wametozwa. Mwaka 1910 mwanaakiolojia John Garstang akichimba Meroe alikuta kichwa cha shaba cha Augusto kimefukiwa mbele ya ngazi za hekalu. Kila aliyeingia kuabudu alipita juu ya kichwa cha Kaisari! Kichwa hicho kiko British Museum mpaka leo, na macho yake ya kioo bado yapo.

Mbunifu anataka nini zaidi ya hapo? Teka sanamu ya adui, ifukie chini ya hekalu lako, raia wako wapate ari na adui apoteze heshima. Uwezo maalumu wa aina hiyo hakuna dola nyingine yoyote inayoweza kuudai. Wao wamempa nini? "Dhahabu ya ziada kwenye vigae vya jangwa vya ramani." Basi. Yaani hata hawakujiuliza Meroe iliishi kwa kitu gani. Mji ule ulikuwa na malundo ya mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyushia chuma, ambayo mpaka leo yanaonekana, na chuma hakiyeyuki bila mkaa, na mkaa unataka miti. Huko kwenye nyika ya Butana watu walichimba mahafiri, mabwawa makubwa ya kukingia maji ya mvua, wakachunga ng'ombe. Bonasi ya jangwa imetoka wapi?

Halafu sura yake. Wamemchora mwembamba kama mwanamitindo, nywele na taji za Cleopatra, kiuno cha nyigu. Nilikuwa nimewatumia picha za hekalu la Apedemak, mungu simba, pale Naqa, lililojengwa na mfalme Natakamani na malkia Amanitore. Ukutani upande mmoja mfalme anawapiga mateka, upande wa pili malkia anafanya vilevile, na kimo chake ni sawa na cha mfalme. Amewashika maadui kwa nywele, silaha iko juu. Mwili wake ni mnene, nyonga pana, mikono imejaa, kucha ndefu, na simba yuko miguuni pake. Hivyo ndivyo malkia wa Meroe walivyotaka kuonekana, mwili wenyewe ukiwa tangazo la nguvu na shibe ya nchi. Nikauliza kwa nini picha zile hazikutumika. Nikajibiwa kwamba wachezaji wanataka kiongozi mrembo. Jibu hilo limeniuma kuliko makosa mengine yote, kwa sababu hawawezi kusema hawakujua. Walijua, wakaona aibu kumweka alivyo.

Sauti yake je? Anaongea Kiarabu! Malkia wa karne ya kwanza KK, miaka zaidi ya 600 kabla Waarabu hawajafika Nubia na jeshi. Najua Kimeroe ni kigumu. Mtaalamu Griffith alizitambua herufi zake mwanzoni mwa karne ya 20, lakini maneno yanayoeleweka bado ni machache. Ndiyo maana nilipendekeza aongee Kinubi, lugha iliyo hai kandokando ya Nile, ambayo mtafiti Claude Rilly ameeleza udugu wake na Kimeroe. Wanubi wapo, na msomaji wa kurekodi mistari michache angepatikana.

Orodha ya miji ndiyo balaa. Ukijenga mji wa tatu unaitwa Khartoum. Baadaye inakuja Omdurman. Khartoum ilianza kama kambi ya jeshi la Misri miaka ya 1820, na Omdurman ilikuja kuwa makao makuu ya dola ya Mahdi mwaka 1885. Nilikuwa nimewaandikia Meroe, Napata, Kerma, Naqa, Kawa, Sanam, Faras, Sedeinga. Kazi yao ilikuwa kunakili na kubandika tu!

Kwenye vikosi wamechukua gari la farasi la Misri, wakalipaka jekundu. Wakati Wamisri wenyewe waliiita nchi ile Ta-Seti, nchi ya upinde, na makaburini zinapatikana pete za mawe za kidole gumba walizovaa wapiga mishale. Kama ni farasi, basi kuna Piye, mfalme wa Kushi aliyeiteka Misri karne ya nane KK. Kwenye jiwe lake la ushindi anaingia zizi la Nimlot, mtawala wa Hermopolis huko Misri, anakuta farasi wameshindishwa njaa, anakasirikia hilo kuliko maovu mengine ya yule bwana.

Na msiniambie habari za Afrika ya kale hazipatikani. Sisi tuliokua na Biblia ya Kiswahili tumelisikia jina Kushi tangu utotoni, Tirhaka mfalme wa Kushi yumo, towashi wa Kandake, malkia wa Kushi, yumo. Aksum, dola ya kale ya Ethiopia na Eritrea za leo, nayo wameiharibu vilevile: dola iliyopiga sarafu zake za dhahabu tangu mfalme Endubis, karne ya tatu BK, sura ya mfalme ikizungukwa na masuke mawili ya nafaka, mfalme Ezana akaja kuondoa mwezi na kuweka msalaba. Kwenye modi haina sarafu hata moja.

Nimeshawaandikia walitoe jina langu kwenye orodha ya wachangiaji mpaka malkia, sauti na miji virekebishwe. Kama humu kuna mchoraji wa sura za viongozi, au mtu anayejua kuhariri mafaili ya modi, aje PM (ujumbe binafsi). Picha za Naqa ninazo, maelezo ninayo. Tutaanza na orodha ya miji, hiyo haihitaji msanii wala hela.