Kupiga kambi kando ya bwawa la Ndakaini: tujiandae vipi na baridi?

Mkaazi wa Kisauni:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Agosti hii, shule zikifungwa, mimi na mke wangu tumekusudia kuwapeleka watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 13, tukapige kambi usiku mbili kando ya bwawa la Ndakaini huko Gatanga, chini ya msitu wa Aberdare. Sisi ni watu wa pwani, na usiku wa baridi kwetu ni ule wa kuzima feni na kujifunika shuka. Nimeazima hema na mablanketi manne, na nilifikiria kubeba jiko la makaa ili tuote moto hemani kabla ya kulala. Je, vitatosha? Watoto nao wanataka kuogelea.

Mama wa Tudor:
Waalaykum salaam, kaka. Kwanza kabisa nakusihi jiko la makaa lisiingie hemani, hata kama zimebaki kaa mbili tatu majivuni na hata kama mlango umeachwa wazi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huzidiwa bila hata kuamka. Wapo waliofariki hivyo ndani ya nyumba zenye madirisha, sembuse hema la nailoni.

Bwawa liko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo Mombasa ikiwa nyuzi 21 usiku, kule tarajia 9 hivi. Safari yetu ya kwanza tulijifunika mablanketi yote na chini tukatandika mkeka wa ukindu peke yake. Saa nane za usiku mwanangu alikuwa amejikunja kama kamba, na nilipomgusa, mgongo ulioelekea juu ulikuwa na joto lakini ubavu uliolalia mkeka ulikuwa baridi kabisa. Ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Tandikeni godoro jembamba la sponji na mablanketi mawili chini, kisha mlale na soksi kavu na kofia za sufu.

Fundi wa Likoni:
Naunga mkono, na la kuogelea liondoe kabisa. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, ndilo chanzo kikuu cha maji ya Nairobi, kwa hiyo ombeni ruhusa mapema kwa wasimamizi wake na mpige hema mtakapoonyeshwa. Sufuria zioshwe mbali na maji, na shimo la choo lichimbwe mbali zaidi. Kingo zake ni za udongo unaoteleza na kina huzidi ghafla, basi watoto wasisogee peke yao.

Maharage yapikeni nyumbani, maana kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi tu, si 100 kama kwetu pwani, kwa hiyo huchelewa kuiva na mtangoja sana.

Mkaazi wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Mama wa Tudor, nilikuwa nimeshanunua makaa, nimeyaacha nyumbani. Nitanunua mtungi mdogo wa gesi tukifika Thika, na tutapikia nje. Kesho naenda Kongowea kutafuta kofia za sufu.