Natoka kwenye lami, nataka kuanza graveli (kuendesha kwenye njia za udongo na kokoto) pembeni mwa Lubumbashi. Nianzie wapi?

Alfajiri_Likasi (Lubumbashi)

Jambo wote. Naendesha kinga (baiskeli) ya mbio kwenye lami, zaidi barabara ya Likasi na ile ya Kipushi, alfajiri kabla malori hayajaanza. Tatizo ni kwamba siku hizi hayalali. Hata kabla ya jua kuchomoza unakuta msururu wa yale ya madini, na likikupita lile refu, upepo wake unakuvuta kuelekea magurudumu ya nyuma. Mke wangu anakaa macho mpaka nirudi. Sitaki aendelee hivyo.

Ninachotamani ni njia za udongo mwekundu: upande wa Kafubu, nyuma ya Kasapa, zile zinazopotelea porini kati ya vichuguu. Lakini kinga yangu ni ya lami tupu: fremu ya alumini, breki za kubana rimu, matairi 700x25, mbele meno 53 na 39, nyuma 11 hadi 25. Nimeweka kando dola 200, hazizidi hapo.

Niuze hii nitafute nyingine, au naweza kuanza na hii hii? Na upepo niweke kiasi gani? Kwenye lami naweka bari 7, nikiingia kwenye kokoto mikono inakufa ganzi. Kiangazi kimeshaingia, nisingependa kinipite.

---

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Mdogo wangu, usiuze. Natengeneza kinga hapa Kamalondo tangu enzi ambazo kinga ya giya ikipita watu walikuwa wanasimama kuitazama, na naona kila mwaka kijana anauza kinga nzuri kwa bei ya hasara kwa sababu aliambiwa bila ya graveli hawezi kuingia kwenye udongo. Anza na tairi.

Breki za aina yako kwa kawaida zinaishia tairi la unene wa milimita 28, fremu chache zinapokea 30. Usikisie. Chukua ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Tairi jipya likishafungwa na kujazwa upepo, ufunguo huo upite kila upande: kwenye uma, nyuma karibu na mhimili wa meno, na chini ya breki. Ukikwama mahali, hilo tairi si lako, hata kama gurudumu linazunguka. Kokoto moja ikinata kwenye mpira itakwangua fremu mpaka ile alumini ibaki nyembamba.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndipo hela za watu zinapopotelea. Sokoni utaambiwa "28" na utapewa tairi la kinga ya kazi, lile lililoandikwa 28 x 1½. Halitaingia. Rimu ya kinga hiyo ina kipenyo cha milimita 635, yako ni 622. Geuza tairi, tafuta ubavuni namba mbili zenye kistari katikati. Unataka 28-622, unene kisha kipenyo. Ukiona 40-635, mrudishie na umshukuru. Na ukikuta la "29" la kinga ya mlimani, hilo kipenyo chake ni 622 kweli, lakini unene wake hautapita kwenye fremu yako.

Upepo: ukiwa na kilo 75 hivi, kwa tairi la 28 anza na bari 5 nyuma na 4.5 mbele. Mikono yako itakushukuru siku hiyo hiyo.

Meno: 39 mbele na 25 nyuma ni mzigo kwenye mchanga. Mhimili wa kinga nyingi zenye 53 na 39 haupokei duara la meno chini ya 38, kwa hiyo mbele paache. Nyuma weka kaseti (seti ya meno ya nyuma) inayofika meno 28.

Hapo hujamaliza hata nusu ya hela zako, na njia ngumu za udongo zimefunguka. Ukiipenda kweli, baadaye tafuta ile ya okazi (mtumba) kutoka Ulaya, ya usukani ulionyooka, rimu 622, inayopokea tairi la 35 mpaka 40. Watu wanaipita wakikimbilia kinga za mlimani zenye springi zilizokufa, nami sielewi kwa nini. Hiyo ndiyo graveli ya mtu asiye na maelfu ya dola.

Lingine ni muhimu kuliko yote niliyoandika juu. Walimu wako ni wale jamaa wanaobeba makala (mkaa). Wanatoka mbali porini na magunia kwenye kinga isiyo na giya hata moja, na hakuna mtu Lubumbashi anayejua udongo kuliko wao. Kando ya kila barabara ya lateriti (ule udongo mwekundu mgumu) utaona kamstari kembamba, laini, kamesuguliwa na matairi yao. Pita hapo hapo. Katikati, magari yameifanya barabara ijikunje kama mabati, huko utavunja mgongo na spoki. Na usome alama zao: pakiwa na mstari wa tairi peke yake, ardhi imeshikana. Ukianza kuona nyayo pembeni ya mstari, alishuka akasukuma. Mbele kuna mchanga au kilima. Punguza giya kabla hujafika, si ukiwa ndani.

Mkikutana, mwenye mzigo ana haki ya njia. Hawezi kusimama ghafla, wewe unaweza. Shuka, msalimie, muulize njia. Nimepata njia nyingi kwa salamu kuliko kwa simu.

---

Mawe_Meusi (Goma)

Salamu kutoka Goma. Kwa heshima ya fundi, kwenye upepo ningemwambia aende taratibu. Huku kwetu njia nyingi ni mawe ya volkano ya Nyiragongo, yale ya milipuko ya 2002 na 2021. Jiwe hilo lina makali. Ukishusha upepo sana na bado unatumia tyubu, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoka na matobo mawili yaliyopangana. Mimi na tairi la 38 siendi chini ya bari 3.

Pia huku tairi halifi kwa kutoboka katikati, linafa kwa kuchanwa ubavuni. Beba kipande cha tairi la zamani, kirefu kama kidole, ukikwangue kingo ziwe nyembamba. Ubavu ukichanika, kiweke ndani kati ya tairi na tyubu, jaza nusu upepo, utazame kama panavimba, kisha ongeza. Nimerudi nyumbani hivyo kutoka mbali. Kiraka peke yake hakisaidii, tyubu inachomoza kwenye mwanya na kupasuka.

---

Fundi_Kamalondo

Yaya (ndugu mkubwa) wa Goma yuko sahihi kwa mawe yake. Hapa kwetu lateriti iliyoshikana haina makali hayo, namba zangu zinasimama. Ila kipande cha tairi abebe, nami nitaanza kuwapa wateja wangu.

---

Dada_BelAir (Lubumbashi)

Kaka, wamekuambia vyuma, mimi nakuambia mwili. Nilitoka kwenye lami kama wewe.

Kwenye lami tumezoea kushikilia usukani na kulala mbele. Kwenye kokoto, legeza viwiko, nyanyua makalio kidogo tu juu ya kiti, acha kinga icheze chini yako. Ukiingia mchangani rudisha uzito nyuma, endelea kukanyaga kwa mwendo ule ule, usikate kona na usiguse breki ya mbele. Macho yatazame pale unapotaka kwenda. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni.

Kwenye mteremko wa kokoto, punguza kabla ya kona, kinga ikiwa bado imenyooka. Hili nalisema kwa uzito. Suleiman Kangangi wa Kenya, mwanambio wa kulipwa, mtu aliyewafungulia wengi njia ya graveli Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi kwenye mashindano ya Vermont, Marekani. Kama ilimpata yeye, mimi na wewe tusione aibu kushuka polepole. Kule kwao wana Migration Gravel Race tangu 2021, siku 4 na kilomita 650 hivi ndani ya Maasai Mara, nami natamani siku moja tuwe na yetu kutoka hapa mpaka Luapula.

Acha kuhesabu kilomita. Saa 2 za udongo zinachosha kuliko saa 2 za Likasi, na utakwenda umbali mdogo. Panga kwa saa na kwa maji. Ukipita kijiji cha mwisho bila kujaza chupa, kiangazi hiki hutapata tone.

Usikate njia ndani ya konsesheni (maeneo ya makampuni) za madini hata kama ramani ya simu inaonyesha ni fupi. Walinzi hawajui kama unafanya mazoezi. Na mwambie mama wa nyumbani njia unayopita, si saa ya kurudi tu.

---

Alfajiri_Likasi

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Jioni hii nimeazima tairi la 28-622 kwa rafiki nikajaribu. Mbele ufunguo unapita vizuri kila upande. Nyuma unakwama chini ya breki, pande nyingine unapita. Nafanyaje? Na je, mvua zikianza Novemba niendelee?

Dada, mke wangu amesoma ulichoandika mwishoni. Ameomba nikusalimie.

---

Fundi_Kamalondo

Mbele weka 28, nyuma baki na 25 kwa bari 6. Hakuna sheria inayosema yalingane, na mbele ndipo unapohitaji mshiko zaidi. Hilo la 25 lakini liwe jipya na ubavu mzito, la zamani lililolainishwa na lami halitamaliza kiangazi.

Mvua zikianza, siku zile za tope achana na njia za udongo. Udongo wetu unajaa kwenye breki zako mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na ukilazimisha, mchanga unakula rimu. Subiri udongo ukauke. Kila ukirudi, futa mpira wa breki kwa ncha ya kisu, utoe vijiwe vilivyojichimbia humo.

Jumamosi pitia kibandani na magurudumu yote mawili. Tairi la nyuma usilipie kwanza, mwambie muuzaji akuruhusu uje nalo, tusome namba pamoja.